Je, Wajua? Ulimwengu Unatanuka, na Kasi Inazidi

Je, wajua kwamba mwaka 1917 Albert Einstein aliongeza namba kwenye milinganyo yake ili ulimwengu utulie? Hesabu zake zilidai kuwa lazima usinyae au utanuke. Yeye aliamini haubadiliki, akaweka konstanti ya kosmolojia, iitwayo lambda, isukume nje kadiri graviti inavyovuta ndani.

Je, wajua kwamba padri ndiye aliyemtangulia mwanaastronomia Hubble? Georges Lemaître wa Ubelgiji aliandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka. Mwaka 1929 Edwin Hubble, akiwa Mount Wilson, California, akaonyesha kuwa galaksi ikiwa mbali zaidi hutukimbia kwa kasi zaidi. Mwaka 1931 Einstein akaiacha lambda.

Je, wajua kwamba wewe hutanuki? Kinachoongezeka ni nafasi kati ya makundi ya galaksi. Mwili wako, Dunia na Jua vimeshikwa imara na nguvu za atomu na graviti. Galaksi ya Andromeda hata inatusogelea.

Je, wajua kwamba nyota zinazolipuka hutumika kupimia umbali? Supanova za aina ya Ia zina mwangaza halisi unaokaribiana, kwa hiyo iliyo hafifu zaidi ndiyo iliyo mbali zaidi.

Je, wajua kwamba ugunduzi mkubwa ulikuja kinyume cha matarajio? Mwaka 1998 timu mbili zilizoshindana, moja ya Saul Perlmutter na nyingine ya Brian Schmidt na Adam Riess, zilitaka kujua mtanuko unapungua kasi kiasi gani. Supanova za mbali zikaonekana hafifu kuliko ilivyotazamiwa: kasi inaongezeka! Ni sawa na kurusha embe juu, nalo badala ya kurudi likazidisha mwendo kuelekea mawinguni. Wote watatu walipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2011, na lambda ikarudi kazini.

Je, wajua kwamba mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo? Ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, na kwa zaidi ya nusu ya umri huo graviti iliupunguza mwendo. Anga lilipopanuka, maada ilitawanyika ikapungua nguvu, lakini lambda haikupungua. Takriban miaka bilioni 5 hadi 6 iliyopita, ikashinda.

Je, wajua kwamba kisukumo hicho, nishati giza, ni takriban asilimia 68 ya vyote vilivyomo ulimwenguni? Maada giza ni asilimia 27. Nyota, sayari, bahari na watu wamo kwenye asilimia 5 iliyobaki.

Je, wajua kwamba nishati hiyo ni kidogo mno? Iliyomo katika ujazo wote wa Dunia ina uzito wa miligramu 6 hivi. Inashinda kwa sababu imejaa kila mahali.

Je, wajua kwamba makadirio ya kinadharia ya nishati ya ombwe, yaani ya nafasi tupu, inayodhaniwa kuwa ndiyo lambda, huzidi kipimo halisi mara takriban 1 yenye sufuri 120?

Je, wajua kwamba huenda lambda si konstanti? Matokeo ya mradi wa DESI, Arizona, ya mwaka 2024 na 2025 yanadokeza kuwa nishati giza inadhoofika. Lakini ukisoma kwamba imethibitishwa, usikubali haraka: wanafizikia hudai uwezekano wa kubahatisha uwe chini ya 1 kati ya milioni 3, na matokeo hayo hayajafika hapo.