MKONO SI KIPIMO
Kupima enjektere za zamani bila kupoteza kidole



Leo ukurasa wetu wa usalama na afya unaacha kidogo shimo na kiwanda, unaingia katika garaji. Tutasema juu ya magari ya spoti ya zamani, yale ambayo watu wa Ulaya na Marekani wanayatunza kama mali ya ukoo, na juu ya kazi ya kupima vyombo vyake vya kusukumia esansi. Utauliza: jambo hilo linatuhusu nini sisi watu wa mgodi? Linatuhusu sana. Enjektere ya gari lile na enjektere ya kamioni yetu ni watoto wa baba mmoja, na zote mbili zinaweza kumharibu fundi mkono.

WATOTO WA BABA MMOJA

Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutengeneza kwa wingi pompi za kusukumia mazuti mwaka 1927. Kiisha ufundi ule ukapelekwa katika motere za esansi. Mwaka 1954, katika mji wa New York, Mercedes-Benz ilionyesha gari lake 300 SL, lenye milango inayofunguka kwenda juu kama mabawa ya ndege. Motere yake haikuwa na karibiratere. Pompi ya Bosch, ndugu ya pompi ya dizeli, ilisukuma esansi moja kwa moja ndani ya silinda. Magari hayo yenye milango ya mabawa yalitengenezwa 1,400 tu, mpaka mwaka 1957. Katika magari ya mwaka 1969, Porsche nayo ikaweka pompi ya Bosch yenye pistoni sita katika 911 E na 911 S, pistoni moja kwa kila silinda.

Magari ni machache, vyombo vyake ni vichache zaidi, na bei yake ni kali. Kwa hiyo mwenye gari anatafuta vyombo vilivyokwisha kutumika. Lakini enjektere ya zamani, hata ukiing’arisha namna gani, haisemi ukweli kwa macho. Ikivuja, esansi inaosha mafuta katika ukuta wa silinda, inashuka chini na kuharibu mafuta ya motere. Ikiziba, silinda moja inakosa chakula na motere inatetemeka. Ndiyo sababu inapimwa mbele ya kufungwa katika motere.

FUNDI ANAPIMA NINI?

Enjektere inafungwa kwenye mashini ndogo yenye pompi ya mkono na saa ya kuonyesha nguvu. Fundi anasukuma mkono wa pompi polepole na kuangalia mambo matatu.

La kwanza: inafunguka kwa nguvu gani? Enjektere za Porsche ile ya pompi zinafunguka karibu na bari 15 mpaka 18. Zile za magari ya baadaye, yaliyotumia K-Jetronic ya Bosch kuanzia mwaka 1973, zinafunguka karibu na bari 3 na nusu. Enjektere za kamioni za dizeli za zamani zinapita bari 100, na nyingi zinafika 200. Kumbuka kwamba mpira wa gari dogo una bari 2 tu.

La pili: inashika? Nguvu ikiwa chini kidogo ya ile ya kufungukia, ncha lazima ibaki kavu. Tone likianguka, enjektere haifai mpaka itengenezwe.

La tatu: inanyunyiza vizuri? Mafuta yatoke kama moshi mwembamba, sawasawa pande zote. Yakitoka kama mshipi mmoja, au kuelekea upande, ni mbaya.

Pompi yenyewe usiifungue nyumbani. Kila pistoni imesuguliwa pamoja na kikombe chake, na nafasi katikati yao ni ndogo kupita unene wa unywele. Ukichanganya pistoni ya hapa na kikombe cha pale, umeua pompi. Vumbi letu la mgodi nalo litamaliza kazi. Peleka pompi kwa fundi mwenye mashini kubwa, anayeweza kupima kipimo cha kila mlango wa pompi katika bilauri.

TUNDU NDOGO KAMA LA SINDANO

Sasa tuseme juu ya mwili. Ngozi ya binadamu inaweza kutobolewa na maji yanayosukumwa kwa nguvu ya bari 7 hivi. Rudi juu, tazama hesabu: enjektere ya Porsche inapita mara mbili, ya kamioni inapita mara nyingi. Na pompi ya mkono ya kupimia haijui gari gani unapima. Ncha ikiziba nawe ukazidi kusukuma, nguvu inapanda mpaka bari mia na mia.

Mazoea mabaya yako wapi? Fundi anashika enjektere kwa mkono wa kushoto, anasukuma pompi kwa mkono wa kuume, kiisha anaweka kidole mbele ya ncha ili asikie kama inatoka. Wengine wanapitisha kidole kwenye tiyo kutafuta mahali panapovuja. Kidole cha shahada cha mkono usiotumika sana ndicho kinachopata ajali hii mara nyingi kupita vingine.

Na ajali yenyewe inadanganya. Tundu ni dogo kama la sindano. Damu ni kidogo au hakuna. Maumivu ya kwanza ni madogo, fundi anapangusa mkono na kuendelea na kazi. Lakini ndani mafuta yamekwisha kupita kando ya mishipa ya kukunjia kidole, mara nyingine mpaka katika kiganja. Yanaunguza nyama. Kidole kinavimba kutoka ndani, damu inakosa njia. Baada ya saa chache kinapiga kama ngoma, kinakuwa cheupe au cha rangi ya bluu, hakikunjiki. Hapo munganga anapigana na nyama iliyokwisha kufa.

Waganga wanaijua ajali hii tangu zamani. Mwaka 1937 Daktari Charles Rees aliandika katika gazeti la waganga wa Marekani juu ya mafuta ya dizeli yaliyopenya katika mwili kwa nguvu ya motere. Mwaka 2006 waganga wengine walikusanya habari za watu 435 waliopigwa mikononi na mafuta, rangi na vitu vingine vya namna hiyo. Kati ya kila watu 100, karibu 30 walikatwa kidole au sehemu ya mkono. Kwa vitu vikali kama esansi, mazuti na rangi, waliopasuliwa na kuoshwa ndani mbele ya saa 6 kupita walikuwa na bahati nzuri kupita waliochelewa.

UKIPIGWA, FANYA HIVI

1. Acha kazi mara moja. Toa pete na saa ya mkono mbele ya kidole kuvimba.
2. Osha juu tu kwa maji na sabuni. Hapana kukamua, hapana kukata kwa wembe, hapana kunyonya kwa mdomo.
3. Hapana kufunga kamba. Hapana kuweka barafu wala maji ya moto. Hapana kuweka dawa ya majani.
4. Inua mkono juu ya kifua, enda hospitali saa ile ile, hata usiku, hata kama hausikii maumivu. Usile wala kunywa njiani, kwa maana labda utapasuliwa.
5. Mwambie munganga wazi: “Mafuta ya nguvu yameingia ndani.” Sema ni esansi au mazuti, na nguvu ilikuwa bari ngapi. Ukinyamaza, ataona tundu dogo na kufikiri ni mwiba.

HATARI YA MOTO

Enjektere za bari 3 na nusu hazitoboi ngozi kwa urahisi, lakini zinafanya moshi wa esansi, na moshi ule unaweza kuchoma nyumba. Esansi inatoa mvuke unaowaka hata katika baridi kali chini ya sifuri. Katika joto letu inatoa mvuke wakati wote. Mvuke ule ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unapita chini ya mlango, unatafuta mbabula ya mama uani. Kwa hiyo fundi wa kweli hapimi kwa esansi. Anatumia mafuta maalumu ya kupimia, yasiyoshika moto upesi. Petroli ya taa nayo si badala yake.

Hata kwa mafuta yale, pima mahali penye hewa, mbali na moto, sigara na watoto. Vaa miwani ya kazi. Nyunyizia ndani ya chombo cha kioo au cha plastiki inayoonyesha, enjektere ikiwa imefungwa kwenye chuma, si katika mkono. Vifuko vya mikono vinazuia mafuta yasiunguze ngozi, lakini havizuii mshipi wa bari 200. Mafuta yakiingia katika jicho, osha kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kiisha uende hospitali. Usinyonye esansi kwa tiyo. Mtu akiimeza, usimtapishe, kwa sababu ikirudi juu inaingia katika mapafu.

NENO KWA MAMA WA NYUMBA

Mama, bwana akirudi kutoka garaji na tundu dogo katika kidole, akisema “si kitu,” muulize: “Tundu limetoka wapi?” Akitaja enjektere, pompi au tiyo ya mazuti, usingoje asubuhi. Usimpashie maji ya chumvi. Mvalishe shati, mwende pamoja hospitali. Afadhali munganga akuambie umekuja bure kuliko akuambie umechelewa.

Nanyi wafundi, mnaopenda kazi ya motere, za kazini na za uani: endeleeni kupima, maana chombo kisichopimwa ni adui wa motere. Lakini macho yaangalie chombo cha kioo, sikio lisikilize enjektere, saa iseme nguvu. Vidole vikae nyuma.

Enjektere nyingine itapatikana sokoni. Kidole hakiuzwi.