Mkanda wa fimbo uliponikatikia Kilimanjaro

KILELENI nilifika, tena kwa miguu yangu mwenyewe. Kilichonitesa Kilimanjaro ni kushuka, na chanzo chake ni kipande cha mkanda wa nailoni chenye upana wa kidole gumba.

Kazi yangu ni mpira. Nimezoea kuandika goti la mtu mwingine: winga kaumia, daktari wa timu kasema wiki sita, kocha analalamika. Safari hii goti lilikuwa langu na hapakuwa na benchi la kwenda kukaa.

Tulikuwa tumetoka Uhuru, mita 5,895, tukapita Stella Point na kuanza kuiteremkia kambi ya Barafu. Anayepajua anajua. Ni changarawe laini, unakanyaga na mguu unaondoka nusu hatua zaidi ya ulivyopanga. Na hapo bado safari ni ndefu, kwa sababu wengi hulala kambi ya Mweka, kama mita 3,100. Ina maana karibu mita 2,800 za kuteremka siku hiyohiyo, baada ya usiku mzima wa kupanda bila kulala. Breki zako ni fimbo mbili za kupandia mlima.

Ya kushoto ikaachia. Siyo fimbo yenyewe, ni ule mkanda wa mkononi ulioshonwa kama kitanzi juu ya mpini. Mshono ulifumuka ghafla, mkono ukateleza, fimbo ikaenda zake chini na mimi nikakaa kwa goti juu ya jiwe.

Kiongozi wetu aliifuata, akaigeuza, akautazama mshono.

“Kaka, huu ulishakufa siku nyingi. Hukuuangalia getini?”

Sikuuangalia. Nilikagua tochi, soksi, chokoleti, hadi chaji ya simu kwa ajili ya picha. Sheria ya 4 ya soka yote ni ya vifaa vya wachezaji, na nimeona refa akimrudisha mtu nje kwa sababu ya hereni. Mimi nimepanda mlima mrefu kuliko yote Afrika na fimbo ya kukodi ambayo sikuitazama hata mara moja.

Jamaa alitoa kamba ya kiatu ya akiba, akaipitisha kwenye tundu la mpini na kunifungia kitanzi. Ilisaidia, ila kamba nyembamba ikibeba uzito wa mtu inakata nyama hata ukiwa umevaa glovu. Nilipofika Mweka kifundo cha mkono kilikuwa na alama nyekundu na goti limejaa kama embe dodo.

Mkanda wenyewe ni wa nini?

Wengi tunadhani mkanda upo ili fimbo isianguke, kama ile kamba ya filimbi ya refa. Ndiyo maana ukichakaa watu wanaufunga fundo, au wanaukata kabisa na kuendelea.

Kumbe ndio unaobeba mzigo. Mkono unaingia kwenye kitanzi kutoka chini kwenda juu, halafu unashuka na kushika mkanda na mpini kwa pamoja. Ukikaa hivyo, ukisukuma fimbo chini uzito unapita kwenye kifundo cha mkono na kuingia kwenye mkanda, vidole vinabaki vimelegea. Bila mkanda lazima uminye mpini kwa nguvu kila hatua. Fanya hivyo saa tano au sita kwenye baridi uone mkono utakavyokufa ganzi. Mkono ukichoka unaacha kuegemea fimbo, na mzigo wote unarudi kwa goti.

Mjini Moshi niliirudisha fimbo nilikoikodi. Mwenye duka akataka nilipe bei ya fimbo nzima. Mkanda wa akiba hana, na kwake fimbo isiyo na mkanda ni fimbo iliyokufa. Nikamwomba siku moja tu.

Kazi ya fundi viatu

Jirani na stendi kuna mzee anayeshona viatu chini ya mwavuli. Shikamoo, marahaba, nikamkabidhi fimbo. Nilitarajia anishangae. Hakushangaa hata kidogo, alichouliza ni nyingine iko wapi.

“Mwanangu, hizi zinachakaa pamoja. Ukishona moja, wiki ijayo unarudi na ya pili.”

Akaanza na kile ambacho mimi ningekivunja. Mkanda haukugundishwa ndani ya mpini. Kwenye fimbo nyingi umebanwa na kabari ndogo ya plastiki iliyojificha juu, pale mkanda unapoingilia. Aliuvuta mkanda kuelekea juu, kabari ikalegea, akaichokonoa kwa bisibisi nyembamba bapa hadi ikatoka nzima. Ndani kulikuwa na pini iliyopita katikati ya mpini na kushika ncha ya mkanda. Akaisukuma kwa msumari kutoka upande mmoja, ikatokea upande wa pili. Kabla ya hapo aliniambia nipige picha kwa simu, ili tusije kurudisha kitu kinyume. Kidole gumba kisingeniambia hivyo.

Ndipo nikaona ugonjwa wenyewe. Sehemu ya nje ilikuwa imepauka kwa jua, lakini palipokuwa pamelika zaidi ni pale mkanda unapokunja na kusuguana na ukingo wa kabari. Nyuzi zilibaki chache. Hata mshono usingefumuka, mkanda wenyewe ungekatika muda si mrefu. Ukitaka kukagua fimbo yako vuta mkanda utoke wote, usiangalie kile kipande kinachoonekana tu.

Mkanda mpya ulitoka kwenye begi bovu la mgongoni, mtumba wa Memorial. Hapa mzee alikuwa mkali. Upana ni rahisi kuupata, alisema, shida ni unene. Mkanda mwembamba mno kabari haiushiki, ukiweka uzito unateleza wote. Mnene mno, kabari haiingii, na ukiilazimisha inapasuka. Alijaribu vipande vitatu kabla ya kuridhika. Mkanda wa kiti cha gari, ambao mimi niliupendekeza kwa kujiona mjanja, aliukataa bila maelezo. Baadaye niliupima mwenyewe: ni mpana karibu mara mbili.

Halafu kiberiti. Alichoma ncha ya uzi mmoja. Nailoni inayeyuka na kuwa kishanga kigumu, pamba inaungua na kuwa majivu. Akitaka mkanda wa mlimani hataki pamba, kwa sababu inanyonya maji na kuoza. Akaupima mkanda kwa ule wa zamani, akaongeza urefu wa kukunjia mshono, akakata na kuyeyusha ncha zote mbili zisifumuke. Zikiwa bado za moto alizikandamiza kwa ubapa wa bisibisi, maana ukiziacha zikagandia hivyohivyo zinakuwa kama miba mkononi.

Mshono ni mraba wenye msalaba ndani, uzi wa nailoni uliopakwa nta, mara mbili. Upande unaogusa ngozi alishonea kipande cha soksi ya mpira. Soksi ya timu gani sitasema, watu watanuna. Pini ikarudi, kabari ikapigwa taratibu kwa mpini wa nyundo, kisha akasimama, akaingiza mkono na kuning'inia kwa uzito wake wote. Haikusogea.

Mikanda miwili, Sh6,000. Mwenye duka aliivuta, akaivuta tena, akanirudishia kitambulisho changu bila neno.

Kuna mahali mkanda haufai, na hili kiongozi alinieleza tukiwa bado juu. Penye msitu mnene fimbo inaweza kunasa kwenye mizizi huku wewe unaendelea kwenda. Kwenye miamba ya kushika kwa mikono, kama ukuta wa Barranco, hutaki fimbo inayoning'inia mkononi. Na ukianguka na mkanda umekaza, kidole gumba kinavutwa vibaya. Huko unautoa mkono kabisa.

Nilirudi kwa mzee kesho yake kumlipa soda niliyomwahidi. Pembeni ya kiti chake ziliegemezwa fimbo tatu, kila moja ya aina yake. Zilikuwa za kijana mpagazi. Fimbo kama hizo mara nyingi ni zawadi za wageni wanaoshuka na kuondoka, zinafika mkononi mwa mpagazi zikiwa tayari zimechoka. Mgeni anashuka na begi dogo. Yeye utaratibu wa hifadhi unamruhusu mzigo hadi kilo 20, na anapita kwenye changarawe ileile.

Alikuwa anaondoka asubuhi, njia ya Machame. Mbili zilikuwa tayari. Ya tatu mzee alikuwa bado anatafuta mkanda wenye unene wake, na kijana amekaa kwenye kopo la rangi akimsubiri.