Je, Wajua? Kirusi cha Barua Pepe Hukamatwa Wapi

Kirusi kinachokuja kwa barua pepe kwa kawaida hujificha ndani ya kiambatisho, nacho hakina madhara hadi faili hiyo ifunguliwe. Mwezi Mei 2000, kirusi cha ILOVEYOU kilienea duniani kikiwa katika faili iliyoitwa LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs. Windows ilificha herufi tatu za mwisho, na wapokeaji wakadhani ni maandishi matupu. Walipoibofya, kirusi kikajituma kwa kila aliyekuwamo katika orodha yao ya anwani.

Programu nyingi za kukinga virusi huwa na kinga mbili dhidi ya barua za namna hiyo. Ya kwanza, ukaguzi wa barua pepe, hukaa kati ya seva na programu ya barua kama Thunderbird, na hupekua kila ujumbe ukiwa bado njiani. Ya pili, ukaguzi wa papo kwa papo, hupekua kila faili inapoandikwa kwenye diski au inapofunguliwa, iwe imetoka kwenye barua, flashi au intaneti. Kwa kuwa zote hutegemea hazina ileile ya alama za virusi, kirusi kinachotambuliwa na ya kwanza hutambuliwa pia na ya pili, kabla hakijaanza kazi. Anayesoma barua kwenye kivinjari hanufaiki na ile ya kwanza hata kidogo. Kwa Gmail, viambatisho hukaguliwa kwenye seva, na faili za exe na vbs hukataliwa.

Ukaguzi wa barua una kasoro zake pia. Ili usome barua zilizosimbwa, programu huweka cheti chake kwenye kompyuta na kujifanya seva, hivyo programu ya barua haikioni tena cheti halisi. Ujumbe mkubwa nao huweza kukwama njiani.

Ukaguzi wa papo kwa papo nao una lake. Thunderbird kwa kawaida hutunza barua zote za kikasha katika faili moja. Faili hiyo ikitengwa kwa sababu ya ujumbe mmoja, kikasha kizima hutoweka. Ndiyo maana faili za barua zinahitaji nakala ya akiba.

Kinga zote mbili hushindwa kusoma faili ya zip iliyofungwa kwa nenosiri, na barua ya kitapeli yenye kiungo tu huweza kuzipita.

Kwa hiyo kompyuta ya nyumbani yenye ukaguzi wa papo kwa papo, unaosasishwa kila mara, haihitaji ukaguzi wa barua. Unahitajika kwenye seva ya ofisi, inayogawa barua kwa kompyuta nyingi ambazo huenda baadhi hazina kinga.