Valvu ipi kwa mwanamke anayetaka mtoto?

Mafindofindo ya utotoni yasipotibiwa vizuri huweza kuleta homa ya baridi yabisi, na homa hiyo ikijirudia huharibu valvu, ile milango ya moyo inayopitisha damu upande mmoja tu. Madhara hujitokeza baada ya miaka. Ndiyo maana katika nchi zetu suala la kubadilishiwa valvu humkuta mwanamke akiwa bado kijana, pengine hajapata hata mtoto mmoja.

Valvu yake mwenyewe ikiweza kurekebishwa, au iliyobana kupanuliwa kwa puto, hiyo ndiyo heri. Isipowezekana, kuna valvu bandia za aina mbili.

Valvu ya chuma hudumu miongo. Lakini humfunga mgonjwa kwenye dawa ya warfarini maisha yake yote ili damu isigande, na warfarini humfikia mtoto tumboni. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 inaweza kuharibu pua na mifupa yake. Baadaye inaweza kumvujisha damu ubongoni. Mimba nyingine hutoka. Hatari huzidi dozi ikipita miligramu 5 kwa siku. Sindano za heparini hazimfikii mtoto, ila zinamlinda mama kwa kiasi kidogo zaidi, na donge la damu likikwama kwenye valvu linaweza kumuua. Utafiti wa kimataifa wa ROPAC, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia wajawazito 212 wenye valvu ya chuma: asilimia 58 tu walipata mtoto hai bila tatizo kubwa. Wenye valvu ya mnyama walikuwa asilimia 79.

Valvu hiyo hutokana na ng'ombe au nguruwe (Mwislamu ana haki ya kuuliza ni ya mnyama gani), na wengi hawahitaji warfarini ya kudumu. Kasoro yake ni kuchakaa, na katika mwili wa kijana huchakaa haraka: miaka 10 hadi 15, pengine chini ya hapo. Kisha ni kupasuliwa tena, safari hii kwa hatari kubwa zaidi. Na mapigo ya moyo yakiwa yamevurugika, huenda warfarini ikahitajika vilevile.

Mimi naegemea valvu ya mnyama kwa anayetaka kuzaa, mradi awe na njia ya kufika tena kwenye upasuaji. Dar es Salaam unafanyika, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Lakini upasuaji ni wa siku moja. Warfarini ni ya kila siku, na anayeishi mbali na kipimo cha damu cha kuongoza dozi yake yumo hatarini hata bila mimba.

Kinachoniuma ni pale binti anapoingia chumba cha upasuaji bila yeyote kumuuliza kama anataka watoto. Aulizwe yeye mwenyewe, faragha, si mume wala mama mkwe.

Ambaye tayari ana valvu ya chuma azungumze na daktari kabla ya kushika mimba. Akikosa hedhi, asiache warfarini kwa uamuzi wake. Awahi kliniki siku hiyohiyo. Akishajifungua salama, dawa hiyo haimzuii kunyonyesha.