Nyuzi 72 Zisizotulia

Ruiru kuna maziwa ya Brookside. Thika kuna mananasi ya Del Monte na mafuta ya kupikia ya Bidco. Viwanda vya namna hii huishi kwa mvuke, na mara nyingi anayefungua na kufunga valvu ya mvuke si mtu, ni kidhibiti cha umeme.

Tuchukue maziwa. Ili vijidudu vya maradhi vife, hupashwa hadi nyuzi 72 za Selsiasi na kubaki hapo kwa sekunde 15. Joto likipungua, valvu ya usalama huyarudisha tangini yaanze upya. Sasa joto likiwa linapanda 74, linashuka 70, linapanda tena, maziwa yatarudishwa usiku kucha. Opareta hupandisha lengo la joto hadi 76, na kengele inanyamaza. Lakini mawimbi ya joto yangalipo, mafuta ya boila yanateketea zaidi, na maziwa yanaanza kuwa na ladha ya kupikwa. Kwa hiyo ukikuta lengo limepandishwa hivyo, uliza kwanza nani alilipandisha na kwa nini.

Kidhibiti huangalia mambo matatu: pengo lililopo sasa kati ya joto na lengo, pengo lililolimbikizwa tangu mwanzo, na kasi ya pengo kubadilika. Kinachokiponza ni ucheleweshaji. Mvuke hupasha maji, maji yapashe sahani za chuma, sahani zipashe maziwa, ndipo kipimajoto kihisi. Kidhibiti chenye pupa hufanya kama mpishi anayeongeza chumvi kabla ya ile ya kwanza kuyeyuka.

Kabla ya kugusa namba zozote za kidhibiti, kiweke katika hali ya mkono, valvu itulie mahali pamoja. Mawimbi yakiendelea, chanzo kiko kwingine, pengine presha ya boila. Yakikoma, sogeza valvu kwa asilimia 1 na utazame mhimili wake kwa macho. Mhimili usiposogea, kisha ukaruka ghafla unapoongeza, valvu inakwama. Hakuna hesabu itakayoiponya.

Valvu ikiwa nzima, mtambo ukizungusha maji badala ya maziwa, ifungue kutoka asilimia 40 hadi 45 na ushike saa. Tuseme joto linakaa sekunde 10 bila kubadilika, halafu linapanda kwa jumla ya nyuzi 2, na inachukua sekunde 60 nyingine kufika karibu theluthi mbili ya kupanda huko. Kila asilimia 1 ya valvu basi ni nyuzi 0.4. Chagua mwitikio wa sekunde 30, mara tatu ya ucheleweshaji. Gawanya 60 kwa zao la 0.4 mara 40 (40 ni 30 jumlisha 10): unapata 3.75, nguvu ya sehemu ya kwanza, ile ya pengo lililopo sasa. Muda wa ulimbikizi uwe sekunde 60. Sehemu ya kasi iache sifuri. Kipimajoto chenye kelele huifanya itikise valvu bure.

Kuchagua namba hizi, wengi bado hutumia kanuni za John Ziegler na Nathaniel Nichols, Wamarekani waliozichapisha mwaka 1942. Ni kazi kubwa, lakini zinaruhusu kila wimbi kuwa robo ya lililotangulia. Kwa maziwa, huo ni mtikisiko mwingi mno.

Joto likishatulia, teremsha lengo polepole, ukimhusisha msimamizi wa ubora. Na ndugu fundi, andika namba za zamani daftarini kabla ya kuzibadilisha, pamoja na tarehe, ili wa shifti ijayo ajue pa kurudi.