Rasilimali Zinapopotea Njia (2): Kiwanda Kilichokosa Viatu

Wiki iliyopita tuliona serikali ya Uingereza iking'ang'ania kulima karanga Kongwa, kwenye mvua haba na udongo unaokauka ukawa kama saruji, mpaka mradi ukaachwa mwaka 1951. Msomaji anaweza kudhani ni makosa ya wakoloni tu. Leo twende Morogoro, miaka ya 1970, bendera ikiwa yetu wenyewe.

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia kikajengwa kiwanda cha viatu chenye mitambo ya kisasa. Kilikusudiwa kutoa viatu milioni 4 kwa mwaka, kivalishe nchi nzima, na robo tatu ya viatu hivyo viuzwe Ulaya. Hakikuvuka asilimia 4 ya uwezo wake. Ulaya hakikupeleka hata kiatu kimoja, na mwaka 1990 uzalishaji ukakoma.

Tazama jengo lenyewe: kuta za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, chini ya jua la Morogoro. Mfikirie anayepaka gundi soli humo saa nane mchana.

Wengi hulilia mkopo. Mimi nalilia zaidi kile ambacho hakikufanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 fedha za kigeni zilikuwa adimu mno, na viwanda tulivyokuwa navyo tayari vilizalisha chini ya uwezo kwa kukosa vipuri na malighafi. Mashine ya kufuma ikikosa beringi moja, zamu nzima inakaa bure, na mkulima wa pamba naye anasubiri. Dola iliyokwisha kununua mtambo usiotumika hairudi kununua beringi hiyo. Wachumi huiita gharama ya fursa. Haiandikwi kwenye daftari la mhasibu yeyote, kwa hiyo ni rahisi kuisahau, na tija ya taifa hushuka hata pale ambapo hakuna aliyeiba senti.

Mshona viatu wa mtaani akikosea hesabu, msimu mmoja humtosha kujua, kwa sababu hasara inamla yeye. Kiwanda cha Morogoro kilikuwa cha shirika la umma: hasara yake ilibebwa na hazina, na waliochagua mitambo mshahara wao haukutegemea kiatu kuuzika.

Miaka hiyohiyo watu wengi vijijini walitembea na makatambuga. Fundi alikaa chini ya mti na tairi kuukuu, kisu kikali na misumari michache, akapima mguu wa mteja aliyesimama mbele yake, akakata.

(Itaendelea wiki ijayo)