Wanafunzi Wageni Wakiondoka, Mwalo Unabaki na Nini?

Likizo ndefu ya vyuo vikuu vingi vya Marekani na Ulaya huangukia kati ya Juni na Agosti. Ndiyo miezi wanafunzi wao wanapoletwa Afrika kwa wiki kadhaa ili, wakishirikiana na wenyeji, wabuni biashara za kutatua matatizo ya jamii. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Kikundi ambacho kingetua kwenye mwalo wa Kibirizi, Kigoma, mwezi Juni mwaka huo kwa ajili ya akina mama wanaoanika dagaa kingekuta mitumbwi imepandishwa nchi kavu na akina mama wenyewe wanahangaikia riziki nyingine.

Hata ziwa likiwa wazi, miezi hiyo ni kiangazi, na kiangazi dagaa hukauka bila taabu. Shida yenyewe huja na mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au zaidi, wakati mgeni amesharudi darasani kwao. Atakuwa amesomea tatizo katika miezi ambayo halionekani.

Mipango ya aina hii imeenea. Chuo cha nje hutia saini hati ya makubaliano na chuo, halmashauri au asasi ya huku. Wanafunzi huja, hukaa na wenyeji, hubuni bidhaa au huduma, kisha huandika mpango wa biashara wa kupelekwa kwa wafadhili au kwenye mashindano kama Hult Prize, ambayo mshindi wake hupewa dola milioni moja. Wanachofundishwa huitwa ujasiriamali jamii: biashara inayolenga kuondoa kero ya watu na kujiendesha kwa mauzo yake yenyewe, bila kungoja msaada kila mwaka.

Wazo hilo limewahi kuzaa matunda. Kampuni ya d.light, ambayo taa zake za sola zinajulikana Afrika Mashariki, ilizaliwa mwaka 2007 kutokana na kozi ya usanifu ya Chuo Kikuu cha Stanford. Lakini mmoja wa waanzilishi wake, Sam Goldman, hakuijua shida ya koroboi kwa ziara ya wiki sita. Alikuwa ameishi Benin kama mfanyakazi wa kujitolea, na huko aliona mtoto wa jirani akiunguzwa na taa ya mafuta. Darasa lilimpa mbinu. Shida alikuwa nayo tayari.

Hapa nchini tunao mfano wa Arusha. Jodie Wu, mwanafunzi wa chuo cha MIT cha Marekani, alifika kupitia kozi ya D-Lab na akashughulikia mashine ya kupukuchua mahindi inayoendeshwa kwa baiskeli. Baadaye alianzisha kampuni, Global Cycle Solutions. Katika mtandao huohuo wa D-Lab alikuwemo Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, ambaye alikuja kuwa miongoni mwa waanzilishi wa Twende, karakana inayowafundisha wenyeji kubuni na kutengeneza vifaa vyao wenyewe. Kwangu mimi, tunda kubwa la uhusiano ule ni karakana kuliko mashine. Mashine hupitwa na wakati, ila fundi aliyefundishwa hutengeneza nyingine.

Kigoma yenyewe ina somo la zamani zaidi, na lilipatikana kwa machungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Stanford ilikuwa ikileta wanafunzi wake katika hifadhi ya Gombe kumsaidia Jane Goodall, aliyefika huko Julai 1960 kuchunguza sokwe. Usiku wa 19 Mei 1975 waasi wa Laurent Kabila walivuka ziwa kutoka Zaire wakawateka vijana wanne, watatu wakiwa wanafunzi wa Stanford. Wote waliachiwa miezi michache baadaye, baada ya mazungumzo na fidia, lakini mpango wa kuleta wanafunzi Gombe ukafa palepale.

Utafiti haukufa. Kabla ya tukio lile, vijana wa vijiji vya jirani walioajiriwa kama wasaidizi, akina Hilali Matama, walikuwa wamekwisha kufundishwa kufuatilia sokwe na kuandika walichokiona. Wageni walipoondoka, wao waliendelea kupanda milima ile kila siku. Kumbukumbu za Gombe zinahesabiwa leo miongoni mwa uchunguzi mrefu kuliko wote duniani wa wanyama wa porini, na zisingefika hapo kama kazi ingekuwa mikononi mwa wageni peke yao.

Funzo la pili lilikuja mwaka 1994, taasisi ya Goodall ilipoanzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka Gombe. Misitu nje ya hifadhi ilikuwa ikiisha kwa kuni na mashamba. Watanzania wa mradi walitumwa vijijini kuuliza watu wanataka nini, na majibu hayakuanza na sokwe. Watu walitaka chakula, afya na shule. Basi vitalu vya miti vikaenda sambamba na huduma za afya, ufadhili wa masomo kwa wasichana na mikopo midogo kwa akina mama, na baadaye kahawa ya Kalinzi ikatafutiwa soko la nje. Huo ulikuwa ujasiriamali jamii, na ulianza kwa kusikiliza.

Turudi kwenye dagaa, maana ndiyo bidhaa ambayo mwanafunzi mgeni huivamia kwanza. Atakachokiona mwaloni ni dagaa walioanikwa mchangani. Mchanga huingia, kuku na mbuzi hupita juu yao, mvua ikinyesha mzigo unaoza, na mnunuzi wa mbali hushusha bei. Dawa inaonekana wazi: chanja, yaani meza ya miti na wavu iliyoinuliwa juu ya ardhi. Hewa hupita chini, dagaa hukauka haraka na husafirika wakiwa safi. Mgeni atachora chanja bora, atapiga picha, atapewa alama nzuri.

Lakini chanja si ngeni katika mwambao huu. Miradi ya FAO, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, imezihimiza miaka mingi. Swali la maana ni kwa nini mama anayeijua bado anaanika chini. Muulize, na mazungumzo yataacha miti na wavu yahamie kwenye fedha. Mara nyingi yeye si mwenye chombo. Hununua dagaa wabichi kwa beseni alfajiri mitumbwi inapotia nanga, wakati mwingine kwa mkopo, na deni humlazimu kuuza upesi. Pia anahitaji mahali pa kusimika chanja. Ardhi ya mwalo ni ya wengi, na mgawanyo wake hupitia kwenye kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, yaani BMU, na halmashauri.

Kisha kuna mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti samaki, wavuvi hupumzika. Kipato cha mwaloni huja katika majuma ya giza na kupungua katika majuma ya mwezi. Mkopo wenye marejesho ya kila wiki, ulionakiliwa kutoka mjini, utamkaba mama huyu hata kama riba yake ni ndogo. Benki za kijamii za COCOBA, ambazo mradi wa Tuungane umezieneza katika vijiji vya kusini kuelekea Mahale, zina faida ya kuwa sheria zake hupangwa na wanachama, na wanachama wanaujua mwezi. Mwanafunzi wa biashara atakayekaa nao na kusanifu marejesho yanayofuata giza atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko mchora chanja.

Ndiyo maana hati ya makubaliano isiandikwe kwa maneno ya heshima tu. Mambo manne yawemo. La kwanza ni ratiba: kundi lije kwa awamu, moja kiangazi na moja masika, au mwanafunzi mmoja akae muhula mzima. La pili ni jozi: kila mgeni afanye kazi na mwanafunzi wa Kitanzania, naye gharama zake zilipwe na mradi. Programu ya Nyanza ya Chuo Kikuu cha Arizona, iliyoanza mwaka 1998 katika kituo cha taasisi ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, Kigoma, iliwaweka pamoja vijana wa Marekani na wa nchi za ziwa, ingawa kazi yao ilikuwa sayansi ya ziwa na si biashara.

La tatu ni vibali. Dodoso linalogawiwa mwaloni ni utafiti, na mtafiti mgeni anahitaji kibali cha tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, na kile cha ukaazi cha daraja C. Wanafunzi wa ziara fupi hulisahau hili, kisha anayejibu maswali ya ofisi ni mwenyeji wao. La nne ni umiliki. Sheria zetu hazina daftari maalum la biashara ya jamii; itasajiliwa kama kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, au kama ushirika, au kama asasi. Kila njia ina mwenye mali tofauti, na ni lazima ijulikane tangu mwanzo kama wazo, jina na fedha za tuzo ni za mama wa Kibirizi, za chuo, au za mwanafunzi aliyekwisha kupanda ndege.

Kigoma haikosi wa kukaa upande wa pili wa meza. Pana TAFIRI, pana chuo cha uvuvi cha FETA Kibirizi, pana kituo cha TARI Kihinga kinachoshughulikia michikichi, na chuo kikuu cha afya cha Muhimbili kimekuwa kikijenga kampasi yake mkoani kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET. Safari pia si lazima iwe ya kuja tu. SUGECO, ushirika wa wahitimu wa Sokoine, umepeleka vijana nje kujifunza kilimo kwa vitendo. Kijana wa FETA naye apewe miezi kadhaa kwenye viwanda vya samaki vya nje kabla hatujapokea kundi jingine la kuja kutufundisha kuanika.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa hiyo, wewe uliye halmashauri, chuoni au katika BMU, ukiletewa hati ya kusaini, tafuta humo jina la Mtanzania atakayeendesha kazi mwaka ambao wageni hawatakuja, na fungu la fedha atakalolipwa. Usipoyaona yote mawili, irudishe ikaandikwe upya.